Usipake Simiti Juu ya Uchafu: Jinsi ya kutengeneza sakafu ya bafu kuukuu

Je, msomaji, sakafu ya bafu lako huchukua muda gani kukauka baada ya watu kuoga? Usijibu kabla ya kwenda kuitazama. Vigae vyenyewe hukauka upesi, hasa hapa Nakuru ambapo upepo wa mchana hauna mchezo. Tazama ile mistari iliyo kati ya kigae na kigae. Ikiwa watu wa nyumbani walioga saa kumi na mbili asubuhi, na jioni mistari hiyo bado ni myeusi na imelowa, basi si maji yote yaliyokwenda kwenye tundu la kutolea maji. Mengine yameingia chini ya vigae, na huko hayana haraka ya kutoka.

Mistari hiyo hujazwa kitu ambacho mafundi hukiita grauti. Ni unga wa simiti, wakati mwingine ukiwa umetiwa mchanga laini na rangi, ambao hukorogwa kwa maji na kusindiliwa katika mianya baada ya vigae kupachikwa. Katika nyumba mpya grauti huwa ngumu na imejaa hadi karibu usawa wa kigae. Katika nyumba kuukuu za Milimani, Section 58 na katika ghorofa za zamani za katikati ya mji, mara nyingi utakuta imeliwa, imebomoka kama mkate mkavu, na mahali pengine haipo kabisa. Ukipitisha ukucha, unaingia.

Pengine unajiuliza mambo ya fundi yanatafuta nini katika ukurasa wa afya. Yamo kwa sababu bafu ni chumba pekee ambamo kila mtu wa nyumbani huingia kila siku akiwa miguu mitupu, ngozi imelowa, na mara nyingi sabuni iko machoni. Sakafu yake ikiharibika, mwili ndio wa kwanza kulipa.

Tuanze na miguu. Mwanya uliobomoka huacha ukingo wa kigae wazi, na ukingo huo hukata kama wembe. Kijana atapaka dawa na kusahau. Lakini mtu ambaye ameishi na ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi huenda amepoteza hisia katika nyayo. Anakatwa na hajui. Anaendelea kukanyaga maji machafu, na siku anapoona doa kwenye soksi tayari kidonda kimeanza kuoza. Madaktari wanaotibu wagonjwa wa kisukari wanajua kwamba safari ya kukatwa mguu mara nyingi huanza na jeraha dogo la aina hii. Ikiwa nyumbani kwako yupo mzee au mgonjwa wa kisukari, usingoje mwisho wa mwaka kutengeneza sakafu hiyo. Na mpaka itengenezwe, mnunulie kandambili za mpira zisizoteleza za kuogea, kisha utazame nyayo zake kila jioni.

Hatari ya pili ni kuanguka. Kigae kilichopoteza grauti pande zote hatimaye huachia simiti iliyokishika, na hapo hucheza kinapokanyagwa. Mama mwenye umri wa miaka sabini akianguka bafuni huweza kuvunjika nyonga, na nyonga iliyovunjika katika umri huo si jambo la kupaka mafuta na kufunga bandeji.

Kisha kuna kuvu na fangasi. Mianya iliyoliwa hushika sabuni, mafuta ya mwili na vipande vidogo vya ngozi, na vyote hivyo ni chakula. Kuvu nyeusi huota humo. Fangasi wa vidole vya miguu, yule anayewasha na kuchubua ngozi katikati ya vidole, naye hupenda sakafu isiyokauka, na humtoka mmoja akamwingia mwingine kupitia sakafu hiyo hiyo. Unaweza kumtibu mtoto kwa krimu wiki tatu, akapona, na mwezi unaofuata akarudi na mwasho ule ule. Kuhusu kifua, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na kuvu ndani ya nyumba, likieleza kwamba watu wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari zaidi ya dalili za kifua na ya pumu. Bafu lisilo na dirisha, lililo mlango kwa mlango na chumba wanamolala watoto, ni la kutiliwa maanani.

KWA NINI GRAUTI HULIWA

Uzee ni sababu moja, lakini si kubwa kama watu wanavyodhani. Simiti iliyochanganywa vizuri hudumu miaka mingi. Adui yake mkubwa ni asidi, na mara nyingi adui huyo huletwa na mwenye nyumba mwenyewe kwa nia njema.

Maji ya visima vingi vya Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa yamepita katika miamba ya volkano, na hubeba madini mengi. Floridi ndiyo inayojulikana zaidi, kwa kuwa ndiyo hutia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja, na viko visima huku vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Floridi hiyo haili vigae. Lakini maji yenye chumvi nyingi yakikauka sakafuni huacha utando mweupe, na mwenye nyumba akiuona huona aibu. Huenda dukani, akanunua dawa ya kuoshea choo au chupa ya asidi, akaimwaga na kusugua. Kweli, utando hutoka. Hutoka pamoja na grauti, kwa maana asidi huyeyusha simiti. Ukiona povu likichemka kwenye mianya, si uchafu unaochemka. Ni sakafu yako. Hata siki na maji ya limau, ambayo watu huyasifu kuwa hayana madhara, hufanya kazi hiyo hiyo, polepole zaidi.

Sababu nyingine iko chini ya miguu yetu. Mji wa Nakuru umejengwa juu ya udongo mwepesi wa majivu ya volkano, katika bonde lililokatwa na nyufa za ardhi. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa liliipiga Subukia, kaskazini mwa Nakuru. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulitokea karibu na Mai Mahiu ukaikata barabara ya kwenda Narok. Wataalamu walibishana kama ni bonde linalopanuka au ni maji yaliyokuwa yakichimba udongo kwa chini. Sisemi kwamba bafu lako limepasuliwa na Bonde la Ufa. Ninachosema ni kwamba nyumba za huku hutulia na kusogea kidogo kila majira ya mvua, na grauti, ikiwa ngumu isiyopindika, ndiyo hupasuka kwanza. Ukiona ufa mmoja ulionyooka unakata sakafu nzima, ukipita katika mianya na hata katikati ya vigae, na unaendelea ukutani, usinunue grauti. Muite mtu anayejua misingi ya nyumba.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Hapa ndipo wengi hukosea. Fundi huitwa, hutazama, husema "hii ni kazi ya nusu saa", hukoroga simiti nyeupe katika kikopo cha rangi na kuipaka juu ya ile iliyoliwa. Sakafu hung'aa kama ya hoteli. Baada ya wiki sita simiti hiyo hutoka kwa magamba, kwa sababu ilishika uchafu na sabuni badala ya kushika kigae. Umelipa fedha, na maji bado yanaingia.

Kabla ya lolote, chukua sarafu, piga magoti, ugonge kila kigae mahali pawili au patatu. Kigae kilichoshika hutoa sauti kavu, nzito. Kilichoachia hulia kama kibuyu. Tia alama kwa kalamu kila kinacholia hivyo. Kisha simama, ukanyage kwa kisigino na utazame mianya: ikiwa maji yanachuruzika kutoka chini, huko kumekuwa birika. Kikiwa kimoja au viwili, vinaweza kung'olewa, vikasafishwa na kupachikwa upya kwa gundi ya vigae, halafu kazi ya grauti ikaendelea. Vikiwa robo ya sakafu au zaidi, grauti haitakusaidia. Sakafu yote inataka kung'olewa na kutandikwa upya, ikiwa na tabaka la kuzuia maji chini yake.

Ukikaa ghorofani, teremka kwa jirani umwombe akuonyeshe dari ya bafu lake. Doa la kahawia lenye duara, au rangi inayojivua, litakueleza mengi kuliko fundi. Na jambo hili lieleweke vyema: grauti peke yake si kizuizi cha maji. Hata ikiwa mpya, hunyonya unyevu kidogo. Kinachozuia maji yasishuke ni tabaka lililo chini ya vigae, na nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa tabaka hilo. Grauti nzuri hupunguza maji yanayoingia hadi kiasi ambacho sakafu inaweza kukausha kati ya kuoga na kuoga. Hiyo ndiyo kazi yake, nayo si ndogo.

KUKWANGUA

Kabla ya kuanza, kama una shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, zima swichi yake kuu. Ukuta na sakafu vilivyonyonya maji hupitisha umeme. Na ikiwa umewahi kuhisi mwasho wa umeme unapogusa mfereji, bafu hilo lifungwe hadi fundi wa umeme aliyeidhinishwa alikague. Vigae vitangoja.

Grauti ya zamani lazima itoke, angalau theluthi mbili za kina chake. Kwa kigae cha unene wa milimita 8, hiyo ni kama milimita 5. Madukani kuna kikwangulio maalumu chenye meno magumu, na bei yake si ya kutisha. Ukikikosa, kipande cha wembe wa msumeno wa chuma kilichozungushiwa kitambaa kizito upande wa kushikia kitafanya kazi katika mianya myembamba, na bisibisi kuukuu bapa katika mianya mipana. Vuta kuelekea kwako kwa mkono mwepesi, ukiufuata mstari. Usichokonoe ukingo wa kigae, maana mng'aro wake ukibanduka haurudi. Sakafu ya mita moja na robo kwa mita moja na robo itakuchukua asubuhi nzima, pengine na mchana. Hakuna njia ya mkato hapa ambayo hutaijutia.

Kuna mafundi watakaokuja na grenda. Ni ya haraka, lakini katika chumba kidogo kama bafu huinua wingu la vumbi la simiti na mchanga. Ndani ya vumbi hilo mna silika, chembe ndogo mno zinazoshuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kubaki huko. Madhara yake kwa wachonga mawe hayakujulikana jana; daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliyaandika katika kitabu chake juu ya magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700. Vijana wanaokata mawe na vigae siku nzima bila kujifunika pua, hapa kwetu, wanajikusanyia ugonjwa ambao hauna tiba ya kuufuta. Wewe, kwa kazi ya siku moja, nyunyizia mianya maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia unapokwangua, ili vumbi liwe tope. Vaa barakoa nzito ya kuzuia vumbi na miwani ya kukinga macho, leso haitoshi. Watoto na mtu mwenye pumu wakae mbali siku hiyo, na usifagie vumbi likiwa kavu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

KUUA KUVU BILA KUJIUA

Mianya ikiwa wazi, isugue kwa brashi ngumu, maji ya moto na sabuni, kisha uisuuze. Ikiwa kuvu imebaki, tumia dawa ya klorini kama Jik, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji. Iache dakika kumi, usuuze kwa maji mengi. Dirisha liwe wazi wakati wote.

Sasa nisikilize vizuri, msomaji. Usichanganye kamwe dawa ya klorini na dawa ya kuoshea choo, asidi, siki wala limau. Hata kuzimwaga moja baada ya nyingine kabla ya kusuuza ni hatari. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliiachilia dhidi ya askari karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Katika bafu dogo lililofungwa, chupa mbili za dukani zinatosha kumlaza mtu hospitalini. Ukisikia harufu kali inayochoma koo na macho yakaanza kutoa machozi, toka nje mara moja, acha mlango wazi, na usirudi kuokoa ndoo. Kikohozi au kubanwa kifua kukiendelea, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama unahisi nafuu kidogo, kwa kuwa mapafu huweza kuvimba saa kadhaa baadaye. Mikojo ya siku nyingi na dawa zenye amonia navyo havipatani na klorini.

SUBIRA YA KUKAUSHA

Hatua hii haina jasho, na kwa sababu hiyo hurukwa. Maji yaliyokwisha kuingia chini ya vigae kwa miaka hayatoki kwa saa mbili. Ukiyafungia ndani kwa grauti mpya, yatatafuta njia: yatapanda ukutani, yatavimbisha fremu ya mlango, au yatasukuma grauti yako nje.

Panga kazi hii katika kiangazi. Kwa Nakuru, Januari na Februari ni miezi mizuri, na sakafu huweza kukauka kwa siku tatu au nne ukiliacha dirisha wazi na kuoga mahali pengine. Naivasha na Gilgil hali ni kama hiyo. Ndugu zetu wa Molo na Elburgon, ambako baridi na ukungu havitaki kuondoka, wahesabu wiki nzima au zaidi, na wakiwa na feni waitumie. Mwezi wa Aprili, mvua za masika zinapomwagika, heri kungoja isipokuwa kigae kimeachia kabisa.

Utajuaje kwamba imekauka? Chukua karatasi ya plastiki inayopenya mwanga, ukubwa wa ukurasa wa gazeti, uibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne jioni. Asubuhi itazame. Ukiona matone upande wa ndani au mianya iliyo chini yake imekuwa myeusi, bado maji yanapanda. Rudia siku nyingine mpaka plastiki ibaki kavu.

Najua nyumba ya watu sita yenye bafu moja haiwezi kukaa wiki bila kuoga. Karai na chumba kingine vitatumika. Wazazi wetu waliogea karai miaka mingi na walikuwa safi.

KUJAZA

Dukani, usinunue simiti nyeupe tupu, hata fundi akikuapia. Ikikauka hunywea na kupasuka. Nunua grauti ya pakiti, na useme upana wa mianya yako: chini ya milimita 3 inataka isiyo na mchanga, zaidi ya hapo inataka yenye mchanga laini ili isipasuke. Kwa sakafu ya bafu la kawaida kilo moja au mbili zinatosha. Vigae vikiwa vidogo vidogo, nunua ile kubwa, kwa kuwa mianya ni mingi. Iko pia grauti ya epoksi, isiyonyonya maji wala kuogopa asidi. Ni ghali, hukauka upesi mikononi, na kwa mtu asiyeizoea huacha gundi juu ya kila kigae. Ningemshauri mwenye bafu la wageni wengi aitafute pamoja na fundi wake. Nyumba ya kawaida haiihitaji.

Vaa glavu za mpira na suruali nzito, na upige magoti juu ya ubao au mpira. Simiti mbichi ni kali mno, na hula ngozi bila kuuma mwanzoni. Mtu hupiga magoti ndani yake asubuhi nzima, jioni akivua suruali hukuta nyama imeungua. Ikigusa ngozi, ioshe mara moja. Ikiingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, halafu uende hospitali bila kungoja kuona kama litapona.

Tia maji kwenye ndoo kwanza, kisha unga kidogo kidogo ukikoroga, mpaka mchanganyiko uwe mzito kama siagi ya njugu, unaosimama juu ya mwiko bila kumwagika. Maji yakizidi, grauti itakuwa rahisi kupaka na dhaifu maisha yake yote. Uache dakika kumi, ukoroge tena bila kuongeza maji. Koroga kiasi utakachokimaliza kwa nusu saa.

Katika joto la Januari pitisha sponji yenye unyevu kidogo kwenye mianya kwanza, ili vigae vikavu visinyonye maji ya grauti kabla haijashika. Usiache maji yaliyotuama. Anzia pembe iliyo mbali na mlango. Kwa kipande bapa cha mpira, sukuma grauti ndani ya mianya kwa mshazari, upite mara mbili au tatu, ukibana. Usiipake kama rangi. Isindilie hadi chini, pasibaki tundu la hewa. Baada ya dakika 15 hadi 30, ikianza kushika, futa vigae kwa sponji iliyokamuliwa sana, tena kwa mshazari, ukiisuuza sponji kila mara. Wanaomwaga maji wakati huu huiosha grauti yote na kubaki na mianya mitupu. Utando mweupe utakaobaki juu ya vigae ufute kesho yake kwa kitambaa kikavu.

Halafu hatua ambayo wengi huiona kinyume. Simiti haikomai kwa kukauka. Hukomaa kwa kushika maji yaliyo ndani yake. Ikikauka haraka katika upepo wetu wa kiangazi hugeuka unga. Kwa siku tatu nyunyizia ukungu mwepesi wa maji asubuhi na jioni na uifunike kwa plastiki. Baada ya siku hizo tatu unaweza kuoga.

Pembe ambapo sakafu hukutana na ukuta, na kandokando ya tundu la kutolea maji, usitie grauti. Sehemu hizo husogea. Zitie silikoni ya bafuni, ile iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, na uiache saa 24.

IKIWA UMEPANGA

Wengi wetu ni wapangaji, na fundi wa kigae cha mwenye nyumba hapaswi kulipwa na mpangaji aliyekuta kigae kimeoza. Piga picha mianya iliyoliwa, doa la dari la jirani wa chini na kigae kinachocheza, kisha uziambatanishe na barua yenye tarehe kwa mwenye nyumba au ajenti wake, na ubaki na nakala. Mweleze gharama ya pakiti mbili za grauti na siku ya fundi ukilinganisha na ya kung'oa sakafu nzima na kupaka upya dari ya ghorofa ya chini. Wenye nyumba husoma hesabu upesi kuliko malalamiko.

Na kama umefuata yote haya, sakafu ikakauka vizuri, lakini kabla ya mwezi kuisha mianya ikawa myeusi tena mahali pamoja tu, hasa karibu na tundu la maji au chini ya mfereji, usiikwangue upya. Maji hayo hayatoki juu. Ng'oa kigae kimoja hapo, utazame bomba.